Viatu vya golfu ndani ya kaguwa: mkaaji wa Bafwasende achague vipi?

Bafwasende hakuna uwanja wa golfu. Nchini Kongo, mchezo huo unajulikana zaidi Kinshasa na Lubumbashi. Lakini mtu anayechambua viatu vya kaguwa sokoni anaweza kukuta kiatu cha golfu bila kukitambua: ngozi safi, kizuri kwa kanisa, lakini chini kina meno kama godasi ya mpira. Je, kinafaa kwa maisha ya hapa?

Kwa mwenye pesa ya jozi moja tu, swali hili si dogo. Bafwasende iko kwenye barabara ya kitaifa nambari 4, kiasi cha kilomita 260 kutoka Kisangani, ndani ya msitu ambamo mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kiatu kile kile kinakanyaga matope asubuhi, kisha kinaingia darasani ama ofisini.

Viatu vya golfu ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ina meno ya plastiki yanayozungushwa na kukazwa ndani ya soli. Yanashika vizuri majani yenye maji, lakini juu ya simenti yanateleza na kuisha haraka. Ukiyatoa, yanabaki matundu ambayo matope yanajaa ndani.

Aina ya pili haina meno ya kukaza. Soli yake ni ya mpira, yenye vinundu vidogo vingi, na inavaliwa uwanjani na mjini pia. Ilipata sifa mwaka 2010, wakati Mmarekani Fred Couples, mwenye miaka 50, alipocheza shindano la Masters huko Augusta akiwa na viatu vya Ecco vya namna hiyo, bila soksi. Siku ya kwanza alimaliza akiongoza wote.

Kwa barabara na nyumba za Bafwasende, chagua aina hii ya pili. Lakini usilipe kabla ya kukikagua.

Kwanza, kunja kiatu kwa mikono miwili na uangalie kama gundi inaachana. Pili, bonyeza kwa ukucha ile sehemu laini iliyo kati ya ngozi na soli. Kuna soli za povu ambazo joto na unyevu huzioza polepole, hata kama kiatu hakikuvaliwa. Kikimeguka kama mkate mkavu, kiache, hata kama kinang'aa: kitakuachia njiani. Tatu, ingiza mkono ndani utafute unyevu na ukungu. Nne, jaribu miguu yote miwili, ukiwa na soksi, saa za jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutembea mchana kutwa.

Kikilowa, toa matope, jaza makaratasi ndani na ukiweke penye upepo. Usikiweke karibu na moto. Ngozi itapasuka na gundi itaachia.

Hata hivyo, kiatu hiki kina mwisho wake. Pale malori yamechimba mashimo na matope yanafika juu ya kifundo cha mguu, bote za mpira ndizo zinazofaa. Mwenye safari ya mbali avae bote, na kiatu kizuri akibebe ndani ya mfuko mpaka afike.