Mfanano wa Maneno Si Undugu

Swali la ni neno gani la Kiayalandi lililozaa "jazz" limeulizwa hadi kuchosha, na ubaya wake ni kwamba hutanguliza jibu kabla ya ushahidi, kana kwamba maneno yanayolingana sikioni hayana budi kuwa ndugu. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 2007, Daniel Cassidy alipochapisha kitabu kinachodai kuwa sehemu kubwa ya misimu ya Kimarekani ni Kiayalandi kilichofichika. Kwa mujibu wake, "jazz" ni "teas", yaani joto, na "sucker", yaani mtu anayelaghaiwa kirahisi, ni "sách úr". Lakini kirai hiki cha pili hakimo katika kamusi za Kiayalandi, bali kimeungwa kwa kuokota maneno mawili na kuyabandika pamoja hadi yakatoa mlio uliotakiwa. Ama "jazz", lilichapwa Los Angeles mwaka 1912 katika habari za besiboli, likitaja namna ya kurusha mpira, kabla halijawa jina la muziki, na anayelinasibisha na joto la Waayalandi hana budi kuonyesha njia lililopita.

Etimolojia, yaani elimu ya asili na mabadiliko ya maneno, hudai kanuni za sauti zinazojirudia. Lugha za Kikelti, zikiwemo Kiayalandi na Kiwelisi, ziliidondosha "p" ya lugha ya kale ya Kihindi-Kiulaya iliyozizaa, ndiyo maana "pater" la Kilatini, baba, hulingana na "athair" la Kiayalandi, na "piscis", samaki, hulingana na "iasc". Asiyejua kanuni hiyo hulipuuza "iasc" na kulikimbilia "pysgod" la Kiwelisi, ambalo "p" yake ndiyo inayoliumbua kuwa mkopo kutoka Kilatini. Kiwelisi kina "p" nyingine, iliyotokana na "kw" ya kale: nne ni "pedwar", kwa Kiayalandi "ceathair", kichwa ni "pen", kwa Kiayalandi "ceann".

Anayetaka kuhakiki neno aanze na tarehe ya maandishi ya kwanza, apime sauti kwa kanuni, kisha achunguze mkopo. Kwa Kiayalandi cha kale ipo kamusi ya Royal Irish Academy, kwa Kiwelisi Geiriadur Prifysgol Cymru, zote zikisomwa bure mtandaoni, na kwa mizizi ya Kikelti ipo kamusi ya Ranko Matasović ya mwaka 2009. Ushahidi ukikosekana, aandike kuwa asili haijulikani, kwani hilo nalo ni jibu la kitaalamu.