Kubandua magazeti ya zamani ukutani

Huku Kasongo na Kabambare nyumba nyingi ni za matofali mabichi, na kuna wanaobandika ndani magazeti au karatasi za mifuko ya simenti kwa uji wa unga wa muhogo. Siku ya kuzitoa, kijana anashika panga, anakwarua. Karatasi inatoka na ukuta wake.

Sisi wa agronomia tunaijua ile gundi: ni wanga tu. Ukikauka unashika, ukipata maji ya vuguvugu unalegea. Shida ni kwamba udongo nao unakunywa maji. Kwa hiyo usimwage maji ukutani! Lowesha kitambaa, kikamue, kibandike juu ya karatasi, ngoja robo saa, halafu vuta pole pole. Ile ya simenti ni ngumu, itoboe kwanza na msumari. Pakikataa, rudia kitambaa. Maji ya kimea cha mahindi, kile cha pombe, yanasaidia zaidi, juu kimea kinavunja wanga. Lakini yasichemke, nguvu yake inakufa.

Gundi inayobaki ifute yote, mende wanaipenda. Na kazi hii ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ukuta ukauke vizuri mbele ya kupaka chokaa.