Ukaguzi wa Vyombo vya Majini kwa Mizani ya Hisba

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, unajulikana zaidi kwa dhahabu. Lakini mkoa huo pia uko ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ingawa daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, watu wa mwalo wa Nkome na wa visiwani bado wanategemea boti na mitumbwi. Je, sheria ya Kiislamu inasemaje kuhusu kukagua vyombo hivi, na ni wakati gani vikaguliwe?

Kazi ya muhtasibu

Imam Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), katika Al-Ahkam as-Sultaniyyah, ameeleza kuwa miongoni mwa kazi za muhtasibu ni kuwazuia wenye vyombo wasipakie kuliko uwezo wa chombo, pale inapohofiwa kuzama, na wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Ameeleza pia tofauti yake na kadhi. Kadhi husubiri mlalamikaji, na muhtasibu hutoka mwenyewe kutafuta madhara kabla hayajatokea. Hekima yake iko wazi, kwani aliyekwisha kuzama hawezi kwenda kushitaki.

Nyakati mbili za ukaguzi

Nchini Tanzania kazi hii iko chini ya TASAC, lililoanza mwaka 2018 kwa sheria ya mwaka 2017 na kuchukua majukumu ya SUMATRA upande wa majini. Chombo hukaguliwa, kikifaa hupewa cheti chenye muda maalumu. Ukaguzi huu una ratiba, na hutazama mwili wa chombo, injini na vifaa vya kuokolea.

Lakini mambo mawili aliyoyataja Al-Mawardi, yaani mzigo na upepo, hayaonekani siku ya kutoa cheti. Huonekana saa ya kung'oa nanga. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara kutoka Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliofariki ni 228. Hakuna cheti, hata kiwe halali namna gani, kinachoweza kubeba tofauti hiyo. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza na mamia wakapoteza maisha.

Hivyo basi, ukaguzi wa ratiba hautoshi. Unahitajika pia ukaguzi wa ghafla, hasa siku za gulio, sikukuu na misimu ya pepo, maana mwenye chombo akiijua siku ya mkaguzi huweza kuazima maboya ya jirani kwa siku hiyo moja.

Dhamana ni ya nani?

Kwanza, mwenye chombo na nahodha. Asili yao ni waaminiwa, lakini kwa mujibu wa mafakihi, anayevuka mpaka au kuzembea hubeba dhamana ya kilichoharibika.

Pili, mkaguzi. Mtume (s.a.w.) alimkemea mtumishi wa zaka aliyerudi na kusema kuwa sehemu ya mali ni zawadi yake. Samaki anayepewa mkaguzi mwaloni ili afumbe macho hana hukumu nyingine.

Tatu, abiria. Katika Hadithi iliyopokelewa na Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametoa mfano wa watu waliogawana jahazi. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote huangamia, na wakizuiwa, wote huokoka. Abiria anayeona chombo kimejaa akapanda au akanyamaza, asijifiche nyuma ya qadar. Allah (s.w.) amekataza tusijitie wenyewe katika maangamizi (2:195).

Maimamu wa mialoni wana nafasi hapa. Khutba ya Ijumaa inayotangulia gulio au sikukuu ni wakati mzuri wa kuwakumbusha watu haya, kabla hawajafika majini.

Wallahu a'lam.