Unatumia Warfarini? Mweleze Kila Anayekupa Dawa Nyingine

Wakazi wa Kajiado wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wanahimizwa kumjulisha kila mhudumu wa afya kabla ya kupokea dawa nyingine, iwe ni hospitalini, katika zahanati au kwenye duka la dawa mjini Kitengela.

Warfarini hupewa watu waliowahi kuganda damu miguuni au mapafuni, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na waliowekewa valvu bandia ya moyo. Dozi ikipungua, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR. Kwa wagonjwa wengi, kiwango kinachotakiwa ni kati ya 2 na 3.

Ugonjwa wa pili unapoingia, kiwango hicho huvurugika kwa urahisi:

• Kifua kikuu: Rifampisini hupunguza nguvu ya Warfarini, hivyo daktari huongeza dozi. Hatari nyingine huja matibabu ya TB yanapokamilika. Katika wiki chache Warfarini hurejesha nguvu zake, na dozi isipopunguzwa mgonjwa anaweza kuvuja damu.

• Maambukizi: Septrin, ambayo pia hupewa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na Flagyl huongeza nguvu ya Warfarini.

• Maumivu: Usinunue ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini bila idhini ya daktari. Huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni.

• Ujauzito: Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Aliyekosa hedhi amwone daktari mara moja, kwani zipo sindano mbadala.

Sukuma wiki, mchicha na managu zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hii. Si lazima uziache. Kula kiasi kilekile kila wiki. Ukitumia mitishamba, hata ile ya kutia kwenye supu, mwambie daktari.

Ukiona kinyesi cheusi, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokoma, au ukiumwa na kichwa ghafla na vikali, usisubiri siku ya kliniki. Fika haraka katika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, au kituo kilicho karibu. Fanya hivyo pia ukianguka na kugonga kichwa, hata kama hujisikii vibaya.

Beba kadi yako ya kliniki kila uendapo. Omba kupimwa INR kila unapoanza au kumaliza dawa nyingine, na usiache Warfarini bila ushauri wa daktari.