Nukta Kumi na Moja

Fundi anachovya kichwa cha pini kwenye rangi nyeupe, anakigusisha kwenye ukingo wa kadi nyekundu, anainua. Nukta ya kwanza imetoka duara safi. Ya pili nayo. Anakwenda kwa kukadiria, kidole kidogo kimeegemea karatasi ili mkono usitetemeke, na mpaka nukta ya saba hakuna cha kulalamikia. Kufika ya tisa anaanza kuona kwamba nafasi iliyobaki haitoshi. Ya kumi anaisogeza kidogo. Ya kumi na moja inabanwa kwenye kona. Rangi haifutiki. Kadi ya harusi iliyokatwa vizuri na kukunjwa vizuri sasa ina kasoro ambayo kila atakayeishika ataiona kabla hajasoma jina la bwana harusi.

Mkono wa fundi huyu haukuwa na tatizo. Hesabu ndiyo iliyomwangusha, na hesabu hiyo inafaa kuangaliwa kwa karibu.

Kadi yake ni ya kipimo cha A6: karatasi ya A4 imekatwa katikati, kisha nusu moja imekunjwa. Upana wake ni milimita 105. Anayetaka nukta 11 kwenye ukingo huo, na nafasi za pembeni zilingane na nafasi za katikati, hugawanya kwa 12, maana nafasi huzidi nukta kwa moja. Aliyewahi kujenga ua anaifahamu hesabu hii kwa upande wake wa pili: ua huanzia kwenye nguzo na kuishia kwenye nguzo, kwa hiyo hapo nguzo ndizo huzidi nafasi. Na nukta zikizunguka kadi nzima hadi kurudi zilikoanzia, idadi ya nukta na ya nafasi hulingana. Watu wengi huharibu kadi ya kwanza kwa kutotofautisha hali hizi tatu.

Kwa kadi yetu, 105 kwa 12 ni milimita 8.75. Tuseme mkono unakosea nusu milimita tu, na unakosea upande uleule kila mara, kama mikono mingi inavyofanya. Kila nukta ikipimwa kutoka kwenye ile iliyotangulia, makosa hujumlishana. Nukta ya kumi na moja itakuwa imesogea milimita 5.5, na nafasi ya mwisho itabaki milimita 3.25 badala ya 8.75. Hata makosa yakienda huku na huku, mara mbele mara nyuma, hayafutani yote. Bado nukta za mwisho huwa zimepotea kuliko za mwanzo. Dawa ni kuzipima nukta zote kutoka sehemu moja. Rula ikishalazwa isiondolewe mpaka alama ya mwisho iwekwe.

Kwa nini jicho hukasirishwa na milimita mbili tatu? Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer, mzaliwa wa Prague, alichapisha utafiti uliojaa safu za nukta. Alionyesha kwamba nukta zilizokaribiana jicho huziunganisha kuwa kikundi, mtu atake asitake. Safu iliyopangwa sawasawa huonekana kama kitu kimoja, kama uzi wa shanga. Ukiisogeza nukta moja tu kuelekea jirani yake, uzi unakatika: hapo pametokea jozi, na kando ya jozi pametokea pengo. Mtazamaji haoni kosa la milimita mbili. Anaona vitu viwili vipya ambavyo havikukusudiwa.

Jambo la pili ni kali zaidi. Kwa mtu anayeona vizuri, jicho hutenganisha vitu vilivyo umbali wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye kadi iliyoshikwa sentimita 40 kutoka usoni. Lakini likiulizwa kama vitu viwili vimekaa kwenye mstari mmoja, jicho hilohilo, katika hali nzuri, hugundua mpishano ulio mdogo mara kumi kuliko huo. Gerald Westheimer, mtafiti wa macho wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ndiye aliyeupa uwezo huu jina lake la kitaalamu mwaka 1975. Katika kupima umbali kati ya nukta na nukta jicho si hodari kiasi hicho. Hukosea asilimia chache bila kujua. Kwa fundi wa kadi maana yake ni moja: nukta iliyopanda juu kidogo au kushuka chini kidogo huumbua kazi haraka kuliko iliyosogea kushoto au kulia. Mstari mwembamba wa penseli uchorwe kwanza. Mengine yafuate.

Cha kufurahisha ni kwamba nukta yenyewe haidai ukali wote huo. Tone la rangi likigusa karatasi, molekuli zake huvutana, na uso wake hujikaza kama ngozi ya ngoma mpaka ubaki na eneo dogo kuliko yote yanayowezekana. Ndiyo sababu tone hujifanya duara lenyewe, hata kama pini iligusishwa kwa pembe. Kwa maji, mvuto wa dunia huanza kuishinda nguvu hiyo na kulilaza tone likishapita milimita 2.7 hivi. Chini ya kipimo hicho nukta hukaa kama kuba. Tone likiwa kubwa sana hulala kama chapati.

Ukubwa nao una msamaha ndani yake. Ujazo wa kuba hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, kwa hiyo kosa kubwa la rangi huzaa kosa dogo la upana. Nukta ya milimita 3 ikiongezewa rangi kwa asilimia 10 inakuwa milimita 3.1, na hakuna mgeni atakayeligundua hilo. Ikiwekewa rangi maradufu inafika milimita 3.8. Ikipata nusu ya rangi inashuka hadi 2.4, na hapo ndipo jicho linaanza kuona. Kwa sababu hiyo mafundi wazoefu huchovya pini kwa kila nukta. Anayejaribu kupiga nukta tatu kwa mchovyo mmoja atapata kubwa, ndogo, ndogo zaidi, na akirudia atapata pambo linalochechemea.

Rangi nyepesi ina tabia nyingine inayowashangaza wengi. Nukta ikikauka, katikati inabaki hafifu na pembeni panatokea pete iliyokolea, kama alama ya kahawa iliyomwagika mezani. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu yake katika jarida la Nature. Ukingo wa tone umenasa kwenye karatasi na hausogei, nako ndiko maji yanakoondoka kwa kasi zaidi. Maji ya katikati hulazimika kukimbilia pembeni kuziba pengo, yakibeba chembe za rangi, na chembe hizo hubaki huko. Rangi ikiwa nzito, chembe hazisafiri kirahisi. Matone machache ya gundi nyeupe ndani ya rangi ya maji husaidia, na pia huizuia isinyonywe na nyuzi za karatasi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya mbao za hadibodi. Rangi ya namna hiyo ni nzito, hukauka polepole na hainyonywi haraka, kwa hiyo madoa ya chui na ya kanga hubaki yamejaa na kung'aa.

Uzito nao una gharama. Rangi nzito huvuta mkia pini inapoinuliwa, na mkia ukikauka nukta inakuwa na ncha. Wapambaji wa hina wanalijua hili kwenye koni zao: wanaacha kukamua kwanza, ndipo wanainua, tena wima. Kwa kadi, kugonga meza kidogo kwa kidole chini ya karatasi kabla rangi haijashika hutosha kuilaza ncha.

Basi umbo la nukta maumbile hulitunza, na ukubwa wake yanausamehe. Nafasi peke yake ndiyo hayaigusi, na kwa nafasi watu wamebuni mbinu nyingi.

Rula haina alama ya 8.75. Suluhisho ni la jiometri ya Wagiriki, limo katika kitabu cha sita cha Euclid, na linahitaji rula na penseli tu. Chukua karatasi chakavu yenye upana uleule wa milimita 105. Laza rula kwa mshazari, sifuri yake ikigusa ukingo wa kushoto na alama ya sentimita 12 ikigusa ukingo wa kulia. Weka kitone cha penseli kwenye kila sentimita, kuanzia 1 hadi 11. Kwa kuwa mshazari umegawanywa sawa, upana nao umegawanywa sawa. Kilichobaki ni kushusha alama hizo wima hadi ukingo wa chini. Hakuna kugawanya wala desimali. Karatasi hiyo ndiyo kiolezo, na kiolezo kimoja kizuri hutosha kwa kadi 200.

Waandishi wa vitabu wa Ulaya ya zama za kati walifanya karibu hivyohivyo. Kabla ya kuandika kwenye ngozi, walipanga kurasa kadhaa pamoja na kuzitoboa pembeni kwa msumari mwembamba, ili mistari ya ukurasa mmoja ilingane na ya mwingine. Matundu hayo bado yanaonekana katika vitabu vingi vilivyobaki.

Lakini kifaa bora cha kazi hii pengine kimekaa tayari sebuleni au kwenye baraza la fundi nguo. Cherehani likitolewa uzi wa juu na wa chini, kisha likapitishwa kipande cha manila, hutoboa mstari wa matundu ambao mkono wa binadamu hauwezi kuuiga. Siri yake iko chini ya mguu wa kukandamizia, kwenye meno madogo yanayopanda, yanayosukuma, yanayozama, yanayorudi. Kila sindano inapopanda, meno husogeza kitambaa hatua moja, na urefu wa hatua umewekwa kwenye kitasa. Ukikanyaga pedeli polepole au kwa haraka, hatua haibadiliki, kwa sababu sindano na meno huendeshwa na mhimili mmoja. Muda hauhesabiki hapo. Mzunguko ndio unaohesabika.

Jaribu kwenye karatasi chakavu na urekebishe kitasa mpaka hatua 36 zijaze milimita 105. Kisha chagua kila tundu la tatu, nawe una zile nafasi 12. Tumia sindano kuukuu, kwa kuwa karatasi huitafuna makali, na usisukume wala kuvuta manila kwa mkono: iongoze tu isipinde. Karatasi inayong'aa sana huteleza kwenye meno na kuharibu kila kitu. Upande wa chini wa matundu hutoka vinundu, kwa hiyo ni heri kutoboa kiolezo na kuiacha kadi yenyewe ipokee alama nyepesi ya penseli kupitia matundu.

Mbinu nyingine ni ya zamani, nayo huipima nafasi kwa nukta yenyewe. Ibn Muqla, waziri wa makhalifa wa Abbasiya mjini Baghdad aliyefariki mwaka 940, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeupa mwandiko wa Kiarabu vipimo vyake. Kalamu ya mwanzi ikikandamizwa mara moja huacha nukta yenye pembe nne, na upana wake ni upana wa ncha ya kalamu. Urefu wa alifu ukahesabiwa kwa nukta hizo, na herufi nyingine zikafuata alifu. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi, na neno nukta lenyewe limetoka huko. Fundi wa kadi anayeacha nafasi ya nukta moja tupu kati ya nukta mbili zilizojaa anatumia kipimo cha aina hiyohiyo. Kinakua na kupungua pamoja na kifaa chake.

Safu zikiwa nyingi, zinapendeza zaidi zikipishana, nukta ya safu ya chini ikikaa chini ya pengo la safu ya juu, kama vyumba vya sega la nyuki. Kila nukta hapo ina majirani sita walio mbali sawa. Ila safu zisiachane kwa umbali ule wa nukta: kama nukta ziko milimita 10, safu ziwe 8.7. Zikiachwa 10, pambo zima huonekana limevutwa kwa urefu.

Na bado kuna mahali ambapo nafasi sawa hujitokeza bila rula. Mfumaji wake ni buibui. Anapotandaza uzi wa kunasia wadudu huupaka gundi, na gundi hiyo, iliyokuwa imelala kama koti jembamba, hukatika yenyewe kuwa shanga ndogo zilizoachana karibu sawasawa. Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ghent, Ubelgiji, aligundua kanuni ya mkatiko huo: mche wa kimiminika ukizidi urefu wa mzingo wake hauwezi kudumu, lazima uvunjike matone. Kitabu chake kikuu cha matone kilitoka mwaka 1873. Wakati huo Plateau alikuwa kipofu kwa takriban miaka 30. Wasaidizi na jamaa zake walitazama majaribio na kumweleza, naye akafikiri. Baadaye Lord Rayleigh wa Uingereza alikokotoa ni umbali gani kati ya matone ambao mkatiko wake hukua haraka kuliko mwingine wowote: kama mara nne na nusu ya kipenyo cha mche.

Mwingereza mwingine, Charles Vernon Boys, aliyeandika kitabu maarufu kuhusu mapovu ya sabuni mwaka 1890, aliamua kufanya kazi ya buibui kwa mikono yake. Alichukua uzi mwembamba mno wa kioo cha kwatsi, akaupangusa kwa unyasi uliochovywa mafuta ya nyonyo. Mafuta yakatanda juu ya uzi. Kisha, bila kuguswa tena, yakaanza kujikunja, kuvimba hapa na kukonda pale, mpaka uzi wote ukavaa vitone vilivyojipanga kwa mstari.