Njia ya Kuwa Mkuu wa Shule

Wazazi wengi hutujia wakiuliza, "Mwanangu ameshika ualimu, ni njia gani itakayomfikisha kuwa mkuu wa shule isiyo ya Serikali?" Wengine hudhani kwamba hati ya chuo yatosha. Sisi twawasimulia habari za Booker Washington wa Marekani, maana njia yake yajulikana hatua kwa hatua.

Alizaliwa mtumwa katika nchi ya Virginia mwaka 1856. Watumwa walipopata uhuru mwaka 1865, mama yake akahamia Malden pamoja na watoto wake, na huko Booker akafanya kazi katika tanuu za chumvi na machimbo ya makaa ya mawe. Machimboni akasikia watu wakitaja chuo cha Hampton, kilichowapokea watu weusi maskini. Basi mwaka 1872 akaondoka, safari ya maili 500 hivi. Alipofika Richmond fedha zikamwishia. Usiku akalala chini ya njia ya mbao, mchana akapakua shehena melini apate chakula.

Alifika Hampton nguo zake chafu, na mwalimu wa kike aliyewapokea wageni hakumkubali wala hakumkataa. Baada ya saa nyingi akamwambia afagie chumba. Booker akafagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu akasugua ukuta na meza kwa kitambaa, asione hata chembe ya vumbi, ndipo akampokea. Huo ndio mtihani wake wa kuingia. Akajilipia chakula kwa kufagia vyumba na kuwasha moto, hata akahitimu mwaka 1875. Kisha akarudi kwao Malden kufundisha watoto mchana na wakubwa usiku, na mwaka 1879 akaitwa Hampton kuwa mwalimu.

Mwaka 1881 watu wa Tuskegee, katika nchi ya Alabama, walitaka mtu wa kuongoza shule mpya, na mkuu wa Hampton, Jenerali Armstrong, akamtaja Booker. Alipofika hakuona nyumba wala kiwanja. Serikali ya Alabama ilitoa dola 2,000 kwa mwaka, nazo za mishahara tu. Tarehe 4 Julai akaanza na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia mwavuli akifundisha.

Akakopa dola 250 ili kuanza kununua shamba la dola 500. Wanafunzi wake, ambao wengi walikuwa waalimu tayari, waliona haya kufyeka mwitu. Yeye akatangulia na shoka begani, nao wakamfuata. Mwalimu mwenzake, Bibi Olivia Davidson, akazunguka kuomba misaada.

Walakini jaribu kubwa lilikuwa matofali. Tanuu ya kwanza ikaharibika, na ya pili, na ya tatu ikaanguka ikiwa karibu kuiva. Waalimu wakamsihi aache, na fedha hazikuwako. Booker akachukua saa yake, akaiweka rehani kwa dola 15, akajenga tanuu ya nne. Hiyo ikafaulu. Saa hakuikomboa kamwe. Lakini majirani weupe, waliokuwa hawaipendi shule, wakaja kununua matofali.

Mwaka 1892 shule ikapewa haki ya kujitawala. Alipokufa mwaka 1915, ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 1,500. Wako waliomlaumu, kama W. E. B. Du Bois mwaka 1903, kwa kuwashauri watu weusi waache kwanza kudai haki zao za siasa. Shauri hilo msomaji na alipime. Sisi twatazama jinsi alivyojifunza kazi.

Wala mlango huo haukufungwa kwa Waafrika. Mbiyu Koinange wa Kenya alikwenda Hampton mwaka 1927, akaendelea na vyuo vingine, na mwaka 1939 akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha waalimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya Waafrika wenyewe.

Basi, mzazi, mwanao akitamani ukuu wa shule, usimwulize hati tu. Tazama: je, hufagia darasa lake pasipo kuonwa? Je, hufundisha wakubwa usiku pasipo kunung'unika? Je, tanuu ya tatu ikianguka, ataitoa saa yake? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.