MPINI MREFU HUOKOA MAISHA

Mama anayepika ubwabwa wa sherehe hushika mwiko mrefu ili moto usimbabue. Mchuma maembe hutumia upembo, na mvuvi wa Bagamoyo husukuma mtumbwi kwa upondo. Wataalamu wa mionzi nao hufanya vivyo hivyo.

Mionzi haionekani, wala haina harufu. Hutambuliwa kwa kipimo maalum. Fundi hufunga kichwa cha kipimo hicho kwenye ncha ya fimbo ndefu na nyepesi, kama bomba la alumini, ili yeye mwenyewe abaki mbali. Sababu ni hii: ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Ukiongeza mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa.

Je, hayo yanatuhusu? Ndiyo, kwa sababu ya vyuma chakavu. Mwaka 1987, mjini Goiânia, nchini Brazili, watu wawili walifungua mashine ya kutibu saratani iliyoachwa katika jengo la kliniki, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa buluu gizani. Watu wakagawana ajabu hiyo. Mtoto wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala chakula kwa mikono ileile. Watu 4 walifariki, naye akiwamo. Miili ya watu 249 ilikutwa na unga huo, nje au ndani.

Huku pwani kwetu pia vijana na watoto huokota vyuma na kuviuza kwa kilo. Wazazi, wafundisheni haya:

1. Alama ya mabawa matatu yanayozunguka nukta, mara nyingi kwenye rangi ya njano, ni onyo la mionzi.

2. Chombo kidogo chenye uzito usio wa kawaida kisipasuliwe wala kupelekwa nyumbani.

3. Wakikiona, waondoke, wazuie wengine wasisogee ndani ya mita 30, na waarifu polisi ili Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania iitwe.

4. Aliyekishika anawe kwa sabuni kabla ya kula, kisha aende hospitali na kueleza alichoshika.

Sisi hatuna fimbo ya fundi, lakini miguu ya kuondokea tunayo. Uhai ni zawadi ya Mungu, tuulinde.